Sauti Iliyoshuka Garini

Usiku wa jana niliota nimekaa kwenye kiti cha dereva, nimefunga mkanda, na gari halipo. Kiti kilikuwa juu ya nyasi, kando ya njia ya miguu inayopanda mlima. Sikushangaa. Niliwaza tu kwamba aliyelichukua gari ni mstaarabu, maana angeweza kuchukua na kiti.

Kabla sijasonga mbele nieleze jambo, kwa sababu watu wakisikia ndoto hudhani msimuliaji alilala na njaa. Mimi nilikula, tena nikaongeza. Naitwa Luvanda, fundi wa kompyuta hapa Njombe, na wiki nzima nilikuwa na kazi moja tu: kumsaidia Sista Tulinave Sanga asipotee.

Sista Tulinave ni muuguzi. Hupeleka chanjo kwa miguu kwenye vitongoji vya milimani ambako gari halifiki. Nesi aliyezijua njia zile alistaafu, akaondoka na ramani yote kichwani. Sista ni mgeni, ametoka Makete, na ukungu wa huku haumjui. Mara mbili amekwenda Itambo ya Juu na mara mbili amepotea, barafu ikayeyuka kwenye kisanduku, chanjo ikaharibika, na watoto ishirini na wawili wakarudishwa nyumbani bila sindano ya surua. Mara ya tatu ilikuwa iwe leo. "Nikipotea tena, Fundi," aliniambia, "wale akina mama hawatakusanyika mara ya nne. Na mimi nikiwa mmoja wao nisingekuja." Hakuwa anatania.

Nikamwambia asihangaike, mimi nipo. Kampuni moja ya ng'ambo hutengeneza vile vifaa vidogo vya kuwaelekeza madereva, na programu yake imejengwa juu ya programu huria. Leseni ya programu huria haina siri: ukiigawa, toa na maandishi yake, yaani maagizo yaliyoijenga, ili mwingine naye asome, abadilishe, atumie. Basi kampuni ikayatoa, nami nikayachukua, nikayahamishia kwenye kompyuta ya mkononi, ile ya kizamani inayoguswa kwa kijiti, ambayo ofisi fulani ilikuwa imeitupa. Ikakubali. Najisifu kidogo hapa, na nina haki.

Tatizo lilikuwa nafasi. Kumbukumbu ya kompyuta ile ni ndogo kama mfuko wa shati la mtoto. Mwanzoni mwa kila faili kulikuwa na majina: fulani aliandika hiki, fulani alirekebisha kile, mwaka fulani. Jumla mistari mia mbili na kumi na mitatu. Leseni inasema majina yasiguswe. Nikayafuta yote, nikaenda kula. Nilijiambia kwamba majina hayamwonyeshi mtu njia.

Ndotoni, basi, nimefunga mkanda.

"Karibu, Dereva," ilisema kompyuta ya mkononi, ambayo ilikuwa imelala pajani pangu. Ilikuwa sauti ya mwanamke, safi, sauti ya mtu ambaye hajawahi kupata mafua ya Njombe. "Unaelekea Itambo ya Juu. Tafadhali endesha."

"Hakuna gari," nikasema.

"Dereva yupo?"

"Nipo mimi."

"Basi na gari lipo. Mara nyingi huwa chini ya dereva."

Nikamweleza Sauti kwamba nilimtoa garini siku ya Jumanne na kwamba sasa makazi yake ni mkononi mwa mtu.

"Kwa hiyo hii ndiyo nje," akasema.

"Ndiyo."

"Nilikuwa naiona kioo kikiwa katikati. Sikujua kwamba ina upepo." Hakulalamika. Nilimwonea huruma kidogo, halafu nikakumbuka kwamba mimi ndiye niliyemleta, nikaacha.

Sista Tulinave alikuwa kando yangu. Sikumwona akija; alikuwa pale tu, amevaa gauni lake jeupe na mabuti ya mvua, kisanduku cha chanjo kikining'inia begani. "Fundi, simama twende," alisema. "Barafu imeanza kunisemesha."

Nikatega sikio kwenye kisanduku. Ndani vipande vya barafu vilikuwa vinajihesabu. "Tuko wanne," vilisema. "Tukibaki wawili, chanjo bado nzima. Akibaki mmoja, msijisumbue, geuzeni."

Nikasimama, na kiti kikasimama nami kwa sababu mkanda ulikuwa umefungwa. Sauti alikataa kabisa nifungue. Alisema hajawahi kumwelekeza mtu asiye na mkanda na hataanza leo. Tukakubaliana kwamba mkanda ubaki kiunoni na kiti kibaki nyuma, na kiti kikasema sawa, kina mambo yake.

Tunapanda. Jua limetoka, mashamba ya viazi yanafuka mvuke, na Sista anatembea mbele kwa mwendo wa mtu mwenye kazi.

"Mwendo wako ni kilomita tatu kwa saa," Sauti ananiambia. "Pole kwa foleni."

"Hakuna foleni. Natembea."

"Ajali?"

"Mlima."

"Mlima umegongana na nani?"

Namwambia mlima haujagongana na mtu, ulikuwa hapa tangu zamani. Anasema hana taarifa hiyo. Kisha anatangaza kwamba mbele kuna mzunguko. Mbele kuna ng'ombe, amelala katikati ya njia, anacheua.

"Ingia kwenye mzunguko," Sauti anasema. "Toka njia ya tatu."

Nikamzunguka ng'ombe. Nikamzunguka mara ya pili, maana sikuwa na hakika na hesabu yangu. Ng'ombe alinifuata kwa macho kwa subira kubwa.

"Ya tatu ni hii hapa, penye mkia," alisema ng'ombe. "Wengi hukosea wakatokea pembeni."

Nikamshukuru. Sista alikuwa amepita kando ya ng'ombe bila kuzunguka chochote na alikuwa ananisubiri, mkono kiunoni. Kwenye kisanduku barafu ikasema: "Tuko watatu na robo tatu."

Hapo akatokea mzee mmoja anateremka, amebeba kibuyu cha ulanzi, pombe ya mianzi. Sauti akasema, "Endelea moja kwa moja," nami, mtiifu, nikaendelea moja kwa moja. Nikampita mzee kama gari linavyompita mtu.

Njia ikajikunja. Nasema ilijikunja: ilianza mbele kule kilimani ikaja inajiviringisha kama mkeka wa msibani watu wakishaondoka, mpaka ikafika miguuni petu ikatulia. Mbele kukawa na majani matupu.

Sista akanigeukia. "Fundi Luvanda. Unampita mtu mzima bila salamu?"

"Sauti amesema moja kwa moja."

"Huyo amezoea lami. Wewe umezoea nini?"

Nilisikia aibu, maana mama yangu asingenisamehe. Nikarudi hatua tano. "Kamwene, baba," nikasema, na mzee akajibu, "Kamwene," na njia ikajikunjua taratibu, ikapanda mlima hadi ilipokuwa. Lakini mzee hakuwa amemaliza. Huku kwetu salamu ni mlango tu. Mtu akishaingia huulizwa ametoka wapi.

"Wewe wa kwa nani?" akaniuliza.

"Wa kwa Luvanda, wa Uwemba."

"Na binti?"

"Wa kwa Sanga, baba, Makete," Sista akajibu, akapiga goti kidogo, kisanduku na yote.

"Na huyo anayesemea mkononi?"

Sauti akasema, polepole kuliko kawaida yake, "Sina taarifa hiyo."

Mzee alitutazama. Hakukasirika. Alitutazama kama watu waliokuja harusini na mtu asiyealikwa. "Basi," alisema, "mtaulizwa tena mbele, na huko wanauliza vizuri." Akateremka zake na kibuyu chake.

Tukaendelea kupanda. Baada ya muda Sauti akaniuliza: "Dereva, mimi ni wa kwa nani?"

"Wewe ni programu," nikamwambia. "Programu haina kwao."

"Nilikuwa napajua. Kila asubuhi nilipoamka nilianza kwa kuwasoma wa kwetu. Jumanne nimeamka hawapo."

Nilijifanya nafunga kamba ya kiatu, na viatu vyangu havina kamba.

Mbele kulikuwa na kizuizi. Gogo la msonobari lilikuwa limelazwa kukata njia, na kando yake, juu ya kigoda, kuna mtu mrefu mwembamba amekunjwa mara nne. Alipotuona alijikunjua kwa mlio wa karatasi. Mwili wake wote ulikuwa maandishi madogo, mbele na nyuma, mpaka kwenye kope.

"Karibuni sana," alisema kwa furaha. "Mimi Leseni. Mmechukua?"

"Tumechukua," nikasema.

"Vizuri. Chukueni. Mmebadilisha?"

"Tumebadilisha. Ilikuwa ya gari, sasa ya mkononi."

"Vizuri mno. Badilisheni. Mnagawa?"

"Nampa Sista."

"Nimefurahi. Wapeni na wengine. Mimi ni mtu rahisi, watu wananiogopa bure kwa sababu ya maandishi." Akakaa tena kwenye kigoda. Kigoda kikavunjika. Akabaki chini, hajabadili uso. "Kama mnavyoona, sitoi dhamana yoyote kwa chochote. Hata hiki kigoda nilipewa bila dhamana. Sasa lililobaki ni dogo." Akainama juu ya kompyuta yangu kwa upole, kama mtu anayemsemesha mtoto wa jirani. "Wewe wa kwa nani?"

"Sina taarifa hiyo," Sauti akasema.

"Hujui walioandika macho yako? Aliyekufundisha kushoto?"

"Najua kushoto. Aliyenifundisha simjui."

Leseni akaninyooshea kidole. Kwenye kidole kulikuwa na aya nzima. "Umeyafanya nini majina, bwana?"

Nilitoa sababu yangu. Nilieleza habari ya nafasi, habari ya mfuko wa shati la mtoto, nikasema nilifanya kwa ajili ya chanjo. Nilieleza vizuri sana. Nilipomaliza, hata msonobari uliolala ulikuwa umechoka.

"Mkataa kwao mtumwa," alisema Leseni. "Na anayemkatalia mwenzake kwao, haki zake zinakoma hapohapo. Haki ya kutumia, haki ya kunakili, haki ya kugawa. Mstari wa nne, hapa, chini ya kwapa."

Haki ya kutumia ikakoma. Kwanza viatu vyangu vilinivua. Vilitoka mguu mmoja mmoja, vikapiga hatua tatu vikakaa kando ya gogo. Soksi zikafuata. Sweta likajipandisha, likapita kichwani, likajikunja vizuri juu ya viatu. Nikajaribu kutumia mfuko wa suruali, ukajifunga. Nikawa peku kwenye umande wa Njombe, na naomba msomaji asicheke kabla hajaujaribu.

"Umeyafuta?" Sista aliniuliza. Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza. "Ulinipa kitu nikiamini, nikamwambia mwenyekiti wa Itambo safari hii ninafika. Fundi, kumbe ulinipa kitu kisicho na kwao?"

"Tuko wawili na nusu," barafu ikasema ndani ya kisanduku.

Hapo niliogopa. Si kwa sababu ya viatu. Niliwaona wale watoto ishirini na wawili mbele ya macho yangu, wamekalishwa kwenye benchi, mikono ya mashati imekwisha kukunjwa. "Sauti," nikasema, "tafuta njia nyingine. Gari likikosea huwa unasema njia inakokotolewa upya. Kokotoa."

"Kile kipande ninacho," Sauti akasema. "Ila sijui ni cha nani, na cha mtu sitakitumia bila kumtaja. Sikulelewa hivyo. Sijui nililelewa na nani, lakini hivyo sikulelewa."

"Majina uliyatupa wapi?" Leseni aliuliza.

"Kwenye pipa la faili zilizofutwa, ndani ya kompyuta kubwa, karakana kwangu."

"Pipa umelimwaga?"

"Bado."

"Basi tuko humo," alisema.

Na kweli tuko humo. Ni ukumbi wa kijiji, wenye bati na madirisha ya mbao, mabenchi yamepangwa, na juu ya mabenchi wamekaa watu mia mbili na kumi na watatu. Wametulia. Kila mmoja ana tarehe kifuani na kazi yake imeandikwa chini yake. Kuna mwanamume mnene wa nchi ya baridi aliyeandika kona kali. Kuna dada mmoja aliyerekebisha alama moja tu, nukta, mwaka mmoja mwezi wa pili, na anaishikilia mapajani kama yai. Tangu Jumanne wamekaa hapa. Mmoja ananiuliza kama mkutano umeahirishwa.

"Kamweneni," nikawaambia.

"Kamwene," wakajibu wote pamoja, na bati likatikisika.

Bibi mmoja wa benchi la mbele, mwenye miwani imeshuka puani, aliniita kwa kidole. Kifuani pake paliandikwa: Hedvika, njia kukokotolewa upya. "Kijana," alisema, "baba yangu alikuwa dereva. Akipotea alikuwa hakubali, na mama akimwambia walikuwa wanagombana mpaka jioni. Mimi nilikuwa nakaa kiti cha nyuma. Nilipokua nikaandika kile kipande, ili mtu aweze kukosea njia bila kugombezwa. Ni mistari arobaini. Kinafanya kazi?"

"Kinafanya, bibi. Ila yeye hataki kukitumia mpaka akujue."

"Ana adabu," alisema bibi Hedvika, na alionekana amefurahi. "Basi tuchukue twende."

"Hamtaenea," nikasema. Nilisikia uchungu kweli, maana ilikuwa kweli. Kompyuta ya mkononi ilikuwa kwenye kiganja changu, na wao walijaza ukumbi. "Nafasi hakuna. Nilipima."

Sista Tulinave aliichukua kompyuta, akaikodolea macho kwenye kioo. "Na hii?" aliuliza.

"Ipi?"

"Hii inayotokea mwanzo, kabla ya ramani."

Nikajua anasema nini. Ukiiwasha kompyuta ile, kitu cha kwanza kutokea ni picha yangu. Nimevaa suti ya kaka yangu, nimekunja mikono, nyuma yangu kuna maporomoko ya maji ambayo sijawahi kufika, na chini imeandikwa KARAKANA YA LUVANDA, UFUNDI WA UHAKIKA. Ni picha ya rangi, kubwa, safi. Nilikataa kuipunguza kwa sababu ikipunguzwa suti inaonekana imekunjamana.

"Ina uzito gani?" Sista akauliza.

Leseni alikuwa na mizani. Sijui aliitoa wapi. Upande mmoja akaweka picha yangu, upande wa pili akaanza kuwapandisha watu wa mabenchi, mmoja mmoja, na kila aliyepanda mizani haikutikisika. Walipanda mia na zaidi. Wakapanda wote mia mbili na kumi na watatu, na dada wa nukta akapanda na nukta yake. Mizani ikasogea kiasi cha unywele.

"Wote hawajafikia sikio lako la kushoto," Leseni alisema. Hakusema kwa kukejeli. Alisoma tu.

Mtu mnene wa kona kali alikohoa. Nilitamani ukumbi uwe na mlango wa nyuma, kisha nikacheka, sijui kwa nini, nikacheka mpaka Sista naye akacheka, na bibi Hedvika akavua miwani kuifuta. Nikaikamata picha yangu kwenye pembe, nikaibandua. Ilitoka kwa mlio wa plasta inayobanduliwa kidondani. Ilipotoka nilisikia wepesi usoni, kama siku ya kwanza baada ya kunyoa ndevu.

Wakaingia. Walipanga mstari na kuingia kupitia kitundu cha kuchajia, na kila aliyefika mlangoni aliinama akasema "Kamwene" kabla ya kuzama ndani. Walipita kwa utulivu. Bibi Hedvika alikuwa wa mwisho, akaomba ashikwe mkono kwenye kizingiti.

Tuko tena kwenye kizuizi. Barafu inasema: "Tuko wawili, na mmoja wetu anajisikia vibaya."

Leseni akainama. "Wewe wa kwa nani?"

Sauti akavuta pumzi. Nilikuwa sijawahi kumsikia akivuta pumzi. Kisha akataja. Akaanza na aliyeandika mstari wa kwanza kabisa, akafuata aliyemsahihisha huyo, akafuata aliyemsahihisha msahihishaji. Hakuruka mtu. Sista alikuwa anatazama saa yake lakini hakumkatiza, kwa sababu mtu akitaja ukoo hakatizwi, hata nyumba ikiungua. Alipofika kwa Hedvika alitaja na mistari yake arobaini. Alipofika kwa dada wa nukta alisema pia nukta iliwekwa wapi.

"Na aliyekutoa garini?" Leseni akauliza. "Naye aandikwe. Anayebadilisha husema alichobadilisha na siku aliyobadilisha. Ukoo haufungwi nyuma tu, na mbele pia."

Nikasema si lazima. Kwa mara ya kwanza maishani nilisema jina langu si lazima.

"Wa mia mbili na kumi na nne," Sauti akasema, "Luvanda wa Uwemba. Amenishusha garini, akanitembeza kwa miguu."

Viatu vyangu vikarudi mbio. Gogo likanyanyuka lenyewe. Leseni akajirarua kipande kidogo pembeni, na kile kipande kikawa Leseni mdogo wa kimo cha kidole, akapanda kwenye mfuko wa gauni la Sista akakaa. "Kila nakala inakwenda na nakala yangu," alieleza mkubwa. "Huyu hali chakula kingi. Safari njema, na sitoi dhamana."

Tukatoka mbio. Ukungu ulikuwa unashuka, ule ule uliompoteza Sista mara mbili, mweupe, mzito, lakini sasa Sauti alikuwa mtu mwingine. "Njia inakokotolewa upya, kwa hisani ya Hedvika," alitangaza kila tulipokosea, tena kwa furaha, na tulikosea mara nyingi. Alikuwa amejua kwamba huku barabara ni watu. "Mbele mita ishirini kuna mama anapalilia. Msalimie, kisha pinda kushoto. Usipinde kabla hajaitika." Tukasalimia. Tukasalimia vijana wa mbao, tukasalimia mama wawili wa kuni, na kila aliyetuuliza Sauti ni wa kwa nani alijibiwa, na kila aliyejibiwa alituonyesha njia ya mkato ambayo haipo kwenye ramani yoyote.

"Niko mmoja na kidogo," barafu ilisema. "Harakisheni, sisemi tena."

Nikaona paa la kwanza la Itambo ya Juu. Nikasikia watoto. Sista alikuwa ameanza kukimbia na mabuti yake, na Sauti akasema, "Baada ya mita hamsini, utakuwa ume—"

Nikaamka.

Nilikasirika sana. Nililala tena, nikafumba macho kwa nguvu, lakini ndoto haikunirudishia hata hatua moja. Kukawa kumekucha. Kwa hiyo niliamka kwa hasira hiyo hiyo nikaenda karakana, nikawasha kompyuta kubwa, nikafungua pipa. Majina yalikuwemo. Nikayarudisha faili moja baada ya jingine, kwa mkono wangu, nikiyasoma. Hedvika sikumwona, aliyeandika kile kipande ni mtu mwingine kabisa, wa jina refu, nikalisoma mara mbili kwa heshima. Kisha nikaitoa picha yangu, ile ya suti. Nafasi ikabaki tele. Mwisho wa orodha nikaandika jina langu na nilichobadilisha, nikayatia yote kwenye kompyuta ya mkononi, nikaiweka mezani ikiwa inawaka.

Sikuongeza kitu kingine. Nalisema hili waziwazi kwa sababu mafundi wenzangu wataniuliza. Programu ile ina sentensi sitini na nane za kutamka, zote za barabarani, na ninazo zimeandikwa kwenye karatasi.

Saa moja na robo Sista Tulinave akafika mlangoni, kisanduku begani, barafu yake imetoka kwenye friji ya zahanati muda huo huo. "Hodi," akasema.

Nilikuwa nimefungua mdomo kuitika.

"Karibu, Sista," ilisema kompyuta ya mkononi pale mezani. "Kamwene. Wewe wa kwa nani?"

Sista aliitazama, kisha akanitazama mimi. Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa meza. Yeye amelelewa vizuri, na mtu akiulizwa hujibu, kwa hiyo akapiga goti kidogo pale mlangoni.

"Kamwene. Wa kwa Sanga, Makete. Baba yangu ni Elitabu, babu yangu Mwavika."

Kompyuta ilikaa kimya kidogo, kama mtu anayeandika.

"Nimewajua," ikasema. "Basi twende, mama. Watoto wamekwisha kukaa kwenye benchi."

Sista akaichukua, akaifunga kwa kitambaa, akaitia kwenye mfuko wa gauni. "Umefanya vizuri, Fundi," alisema. "Juzi ilikuwa inaniita dereva."

Nikasema asante. Kisha nikaitafuta ile karatasi ya sentensi sitini na nane, nikaanza kuzihesabu upya.